Ukitaka kujua ukoloni wa Kilimanjaro na Meru, anza na umangi wako

Watu wengi wanaoanza kuitafuta historia ya ukoloni huku Moshi na Arusha huanza na swali lisilojibika: Wajerumani waliwafanya nini Wachagga? Mwaka 1890 hakukuwa na Wachagga kwa maana tunayoitumia leo. Kulikuwa na watu wa Moshi, wa Kibosho, wa Machame, wa Marangu, wa Kilema, wa Uru, kila sehemu na mangi wake, yaani mtawala wake, wapiganaji wake na ugomvi wake na jirani. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoishambulia Kibosho ya Mangi Sina Februari 1891, wapiganaji wa Rindi, mangi wa Moshi, walikuwa upande wa Wissmann. Ukienda kwa wazee na hadithi ya kabila moja lililoonewa, watakukaribisha, watakunywesha chai, na utaondoka na yaleyale uliyoyasoma darasa la tano.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua umangi mmoja na ukoo mmoja, kisha kupanga miaka yake kwenye karatasi kabla hujafungua mdomo mbele ya mtu yeyote. Kwa Old Moshi, yaani Moshi ya Rindi iliyo juu mlimani, mpangilio wa mwanzo unatosha ukurasa mmoja. Mwaka 1885 Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Zanzibar, alipita mlimani akikusanya ahadi za mamangi kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na wiki chache baadaye, Juni, Jühlke wa kampuni ya Wajerumani akaja na mkataba wake. Rindi aliwapokea wote wawili. Wanaosema "aliuza nchi" hawajajiuliza kwa nini mtu anayeuza nchi aiuze mara mbili ndani ya msimu mmoja. Kwake hao walikuwa wageni wenye bunduki wa kumsaidia dhidi ya Kibosho, na mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin. Alifariki 1891. Mwanawe Meli, akiwa bado kijana, aliwapiga Wajerumani Juni 1892. Kamanda wao, von Bülow, aliuawa, na kituo chao cha mlimani wakakiacha. Agosti 1893 Kanali von Schele alikuja na jeshi kubwa na washirika wa mlimani, Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Tsudunyi pamoja na viongozi wengine kumi na kadhaa, wakiwemo wa Kibosho, wa Meru na wa Arusha, kwa tuhuma ya kupanga uasi.

Kwa Marangu orodha ni nyingine kabisa. Huko ndiko Carl Peters, kamishna wa Kijerumani, alikoweka kituo chake mwaka 1891, akamnyonga mtumishi wake Mabruk na, miezi michache baadaye, mwanamke aliyeitwa Jagodia. Habari zikafika bungeni Ujerumani, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Huko pia ndiko Mangi Marealle alikojenga urafiki na maofisa wa Kijerumani na kupanua nguvu zake kwa mamangi wa mashariki. Masimulizi ya Old Moshi husema fitina iliyomuua Meli ilitoka Marangu. Uliza Marangu, na hadithi inageuka. Usijaribu kuamua nani mkweli wiki ya kwanza. Andika yote mawili, na pembeni ya kila moja andika nani kasema na ukoo wake ulisimama upande gani mwaka 1893. Safu hiyo moja ya daftari itakusaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukimya mwingi utakaokutana nao si usahaulifu. Ni wajukuu wa watu waliopata ng'ombe siku ambayo jirani alipoteza ng'ombe.

Hesabu vizazi pia. Kizazi kimoja kikadirie miaka 25 hadi 30. Mtu aliyezaliwa 1955, babu yake wa kawaida alizaliwa kati ya 1895 na 1905, kwa hiyo babu hakuona vita vya 1893. Baba wa babu ndiye aliyeviona. Mzee anayesema "babu yangu alipigana na Mjerumani" huenda anamaanisha vita vya 1914 hadi 1918, alipobebeshwa mizigo ya jeshi, na hilo nalo ni historia kubwa isiyoandikwa vya kutosha. Lakini usiichanganye na Meli. Muulize huyo babu alikuwa ametahiriwa na rika gani, alibatizwa kabla au baada ya kuoa, reli ilikuwa imefika au haijafika. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na hakuna mzee asiye na neno kuhusu reli.

Sasa kwenda kwa mzee. Kosa linaloharibu kazi za watu wengi ni kuanza na Mangi Meli na kamba. Mzee akisikia swali hilo anajua jibu linalotakiwa, analitoa, na mazungumzo yameisha. Anza na kihamba, shamba la migomba la ukoo lenye nyumba. Nani alikitoa? Kilipatikana kwa kurithi, kwa kupewa na mangi, au kwa kufyeka? Mpaka wa masale, mmea ambao Wachagga huuheshimu, ulipandwa na nani? Mfongo, mfereji unaoleta maji, ni wa ukoo gani, na zamu ya maji iligawanywa vipi kabla ya bomba? Ukifuata ardhi na maji, ukoloni unaingia wenyewe bila kuitwa: mangi mpya aliyewekwa na boma, ofisi ya serikali ya kikoloni, akawapa watu wake kihamba cha walionyongwa au waliokimbia, mfongo ukafa kwa sababu vijana walipelekwa kujenga barabara, shamba la chini porini, lililolimwa mahindi na ulezi, likawa la mzungu.

Hapa kuna hatari moja ya leo. Kihamba sasa kina bei, na mgeni anayeuliza mipaka na daftari mkononi anaonekana mtu wa kesi ya ardhi, hasa kama yeye mwenyewe ni wa ukoo huo na anaishi Dar es Salaam. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kata, ueleze unachotafuta, uwe na barua ya utambulisho kutoka kwenye usharika, shule au chuo. Mbele ya mzee sema wazi kwamba hudai kitu. Usipime kwa hatua, usipige picha ya mpaka, usiandike jina la anayekalia sasa. Ndugu wawili wenye mgogoro wakikaa pamoja kwenye kikao, ahirisha. Kitakachosemwa hapo kitakuwa ushahidi wa kesi yao, si historia.

Kuhusu fedha: usinunue maneno. Ukimlipa mzee wa kwanza kabla hajasema, wa pili atakuwa na hadithi ndefu zaidi kuliko ya kwanza. Nenda na sukari, sabuni, au changia mbege, pombe ya ndizi, kama nyumba hiyo inakunywa (nyumba nyingi za Kilutheri na Kipentekoste hazinywi, uliza kimyakimya kabla), na asante ya pesa itoke mwisho, mkononi, bila kutajwa. Waongoza wageni wanaokutembeza kwenye maeneo ya kihistoria ni jambo jingine. Hiyo ni kazi yao, kubalianeni bei kabla ya kuondoka.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Izime mtandao isiite katikati, iweke juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu, kaa mbali na kuku na redio. Mwanzoni kabisa taja kwa sauti tarehe, kijiji, jina la mzungumzaji na ruhusa yake. Saa moja inatosha. Mzee wa miaka 85 akipita hapo anaanza kukubali kila unachosema. Mwache aongee kwa lugha yake hata kama wewe Kimochi au Kimachame chako ni cha kubahatisha, kwa sababu akilazimishwa Kiswahili anahama na kuingia kwenye maneno ya shule na ya mahubiri. Kuandika saa moja ya sauti hiyo kwa makini kutakula saa tano au zaidi, na utahitaji mtu wa kukusaidia maneno ya zamani. Fanya hivyo mzee akiwa hai, ili urudi umuulize. Nakala ya sauti iwe sehemu mbili tofauti siku hiyohiyo.

Baada ya wazee wawili watatu, tembea. Kwenda Old Moshi unapandia Kiboriloni. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za juu huteleza na bodaboda huongeza nauli. Tsudunyi kuna mti na mnara wa kumbukumbu ya Mangi Meli. Kidia, karibu na hapo, kuna usharika uliokua na misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani. Moshi mjini ya leo ni mji wa reli: ilikua tambarare kwa sababu treni iliishia huko, na ndiyo maana ile ya juu ikaitwa ya zamani. Arusha, Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho. Lilijengwa mwanzoni mwa utawala wao, likakamilika mwaka 1900, kwa nguvu za watu walioshindwa. Ukilitembelea, usiishie kwenye maonyesho ya wanyama na mifupa ya kale. Simama nje ujiulize mawe yalibebwa kutoka wapi.

Mapango na mahandaki ya Marangu yanahitaji tahadhari. Utaambiwa yalichimbwa ili watu wajifiche Wamasai wanapovamia, na mwongozaji ataishia hapo kwa sababu mgeni hupenda adui awe mmoja. Muulize Kibosho ilipovamia upande huu, watu walijificha wapi. Mara nyingi atacheka, kisha ataanza kusimulia.

Ukivuka kwenda Arusha na Meru, kanuni ya umangi inabadilika. Wameru walikuwa na mangi. Waarusha hawakuwa naye kwa namna hiyo. Kwao mamlaka yalikaa kwenye rika na wasemaji wake, malaigwanani, kwa hiyo unauliza rika lililokuwa la morani wakati huo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Ofisa wa Moshi, Johannes, alikuja na askari pamoja na wapiganaji wengi kutoka Uchaggani. Migomba ilikatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe na wanawake wakachukuliwa. Kwenye vitabu hiyo ni adhabu ya Wajerumani. Kwenye vibaraza vya Meru ni vita ambavyo Wachagga nao walikuja navyo, na mtu wa Moshi anayekwenda Akeri kuuliza historia ni vizuri alijue hilo kabla ya kujitambulisha.

Maandishi huja baada ya hapo. Ukianza nayo, utaanza kuwasahihisha wazee kwa kalamu ya aliyewapiga, na hiyo ndiyo sababu ya mpangilio huu wote.

Cha karibu zaidi ni vitabu vya ubatizo vya sharika na parokia za kale: Kilema na Kibosho kwa Wakatoliki, Kidia, Machame na Mamba kwa Walutheri. Utapata jina la zamani, jina jipya, mara nyingi jina la baba na kijiji. Omba kwa barua, nenda siku ya kazi, usitumie wino karibu na kitabu, na usitegemee kuruhusiwa kupiga picha. Tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Watu wazima wengi walibatizwa wakiwa na watoto.

Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya Kijerumani, yenye herufi G mbele ya namba, na ya Waingereza, pamoja na Vitabu vya Wilaya. Raia huhitaji barua ya utambulisho. Mgeni huhitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hicho huchukua muda, kiombwe mapema. Siku ya kwanza huishia kwenye orodha tu, kwa hiyo usipange kurudi Moshi kesho yake. Kitabu cha Wilaya kitakufurahisha kwa sababu kina historia za koo kwa Kiingereza rahisi. Kisome kwa mashaka. Maofisa waliandika waliyoambiwa na mangi aliyekuwa madarakani siku hiyo, na ukoo wa mangi aliye madarakani huwa mrefu kuliko koo zote.

Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yako Berlin, kumbukumbu za shirikisho, kundi R 1001, na sehemu kubwa imewekwa kwenye intaneti bila malipo kupitia programu yao ya utafutaji, Invenio. Hapo kinachowashinda watu ni tahajia. Tafuta Moschi, Aruscha, Dschagga, Madschame, Kiboscho. Kinachofuata ni mwandiko: Kurrent, mkono wa Kijerumani wa wakati ule, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Anza na ripoti zilizopigwa chapa, jifunze herufi za Kurrent polepole kwa jedwali, tafuta jina unalolijua kwanza, kisha herufi zake zitakufungulia mengine. Picha za misheni ya Leipzig ziko kwenye hazina ya picha za kimisionari inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, nayo ni bure. Zichapishe chache, uwapelekee wazee. Picha ya kijito au nyumba huamsha kumbukumbu ambayo maswali kumi hayakuiamsha.

Kuna pia maandishi ya Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Uchaggani, sehemu kubwa Old Moshi, tangu 1902 na, ukiondoa miaka michache baada ya vita ya kwanza, hadi 1938. Hakuna aliyeandika zaidi yake kuhusu sheria, koo na ujirani wa Wachagga. Tatizo lake ni mapenzi yake: aliupenda ukoo wa kale kiasi kwamba kodi, kahawa na kazi za lazima hupungua uzito kwenye kurasa zake. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, na hiyo ndiyo iliyowatoa wanaume vihambani kwenda kwenye mashamba ya walowezi. Ukimsoma Gutmann, weka namba hiyo karibu.

Kwa ardhi ya Meru, fungua karatasi za Umoja wa Mataifa. Sheria ya Kijerumani ya mwaka 1895 iliifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola, na aliyeamua kama ina mwenyewe ni boma. Malisho ya kiangazi yakaonekana pori tupu. Makaburu wakaja baada ya vita vyao na Waingereza Afrika Kusini, mashamba yakauzunguka mlima. Baada ya 1918 Waingereza waliyauza mashamba ya Wajerumani kwa walowezi wengine badala ya kuyarudisha, kisha Novemba 1951 wakawahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, mifugo mingi ikafa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York, wakili Earle Seaton akiwa upande wake. Kamati ya Baraza Kuu iliwaunga mkono. Baraza Kuu halikufikisha theluthi mbili. Maombi ya Tanganyika yana alama T/PET.2 na yanapatikana kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, pamoja na majibu ya serikali ya Kiingereza. Soma yote mawili jioni moja. Utaona serikali ikihesabu ekari, na Wameru wakihesabu makaburi na miti.

Kuna sehemu ya safari hii ambayo haina ujanja wa kuipunguza. Ni mafuvu ya watu yaliyopelekwa Ujerumani wakati wa ukoloni. Watu wengi huifikia kwa bahati mbaya, wakitafuta kitu kingine, na kukutana na picha ya kichwa chenye maandishi ya wino kwenye mfupa. Mkusanyiko wa Felix von Luschan, mwanaanthropolojia wa Berlin, ulikuwa na mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki; utafiti uliotangazwa 2023 uliyagawa 904 kwa Rwanda, 202 kwa Tanzania na 22 kwa Kenya, na machache hayakujulikana. Wajukuu wa walionyongwa Old Moshi walitoa mate kwa ajili ya DNA. Fuvu la mshauri mmoja wa Mangi Meli lililingana na ukoo wake ulio hai. La Meli mwenyewe halikupatikana humo. Katika kipimo cha namna hii kromosomu Y, inayopita kwa baba kwenda kwa mwana, ndiyo hufuata ukoo wa kiume, kwa hiyo anayetakiwa ni mwanamume wa mstari usiokatika: mwana wa mwana wa mwana. Mtoto wa binti hatasaidia kwa kipimo hicho hata akiwa ndiye aliyetunza kumbukumbu yote ya familia, na ni vema familia ijue hivyo mapema, maana inauma.

Usimwonyeshe mzee picha hizo bila kumwambia kwanza ni nini na kumwacha akatae. Usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Usiku baada ya kusoma majalada ya 1900 watu hulala vibaya, hukasirika na mtu wa karibu asiyehusika, na wenye mababu waliokuwa upande wa boma hupata aibu wasiyoijua pa kuiweka. Soma na mwenzako. Ukigundua babu yako alipokea ng'ombe wa walioshindwa, mwambie mkubwa wa familia faraghani kabla hujaandika popote; Uchaggani kuna njia ya kuomba radhi kati ya nyumba na nyumba, sale mkononi, na wenye kuamua kama inafaa ni wakubwa wa pande zote mbili, si mwenye daftari.

Familia ikitaka kudai mabaki ya ndugu yao, madai hayo hupita serikalini, kwa hiyo yaanze kwa maandishi: nasaba yenye majina ya kila kizazi, kijiji, jina la mangi aliyemtumikia, maelezo ya alivyokufa na nani aliyasimulia, nakala za ubatizo zikiwepo, na sahihi za matawi yote ya ukoo. Tawi moja likiachwa nje, pingamizi huja siku DNA imeshajibu, na barua huanza upya. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, moja usharikani, moja kwa dada mkubwa.